Silaha za Mfano Katika Somo la Historia: Maoni Kutoka Tarime

Wanachuo wanaojiandaa kwenda mazoezi ya kufundisha katika shule za msingi za Tarime na Serengeti wametuuliza, tena si mara moja, iwapo yafaa mwalimu wa historia kuingia darasani na mkuki wa mti, upanga wa mti au bunduki ya mti. Swali hilo kama lingeulizwa penginepo, jibu lake lingekuwa jepesi. Hapa kwetu si jepesi. Watoto tunaowafundisha wametoka katika koo ambazo wazee wao, na wakati mwingine kaka zao, wamepata kukabiliana kwa mikuki, mishale na mapanga kwa sababu ya mipaka ya ardhi na wizi wa ng'ombe. Baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 bunduki za kivita nazo ziliingia katika wizi huo wa mifugo. Kwa hiyo mtoto wa darasa la tano aonapo upanga, hata ukiwa wa mti, haoni kitu cha kale. Aona kitu anachokijua.

Pamoja na hayo, rai yetu ni kwamba yafaa. Shule ya msingi ya Tarime ina haja ya kuwa na mkusanyo wa silaha za mfano kuliko shule nyingine nyingi, ili mradi mwalimu ajue anakusanya nini na kwa ajili ya swali gani.

Twasema "silaha za mfano" kwa makusudi. Neno "bandia" limekwisha kuchafuka. Magazeti hulitumia kwa bastola za majambazi, na mzazi akisikia kwamba mwalimu anakusanya bunduki bandia, ana haki ya kushtuka.

Kukusanya vitu vya namna hii ni shughuli ya watu wengi duniani. Kiwanda cha Uberti, kilichoanzishwa Italia mwaka 1959, kilipata soko lake kwa kutengeneza bastola za mtindo wa zamani wa Kimarekani, wakati Wamarekani walipokuwa wakikaribia kuadhimisha miaka mia moja ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, vya 1861 hadi 1865. Mji wa Toledo, Hispania, huwauzia wageni panga za mfano wa zile za mashujaa wa kale. Karibu na kwetu, watalii waendao Serengeti hununua mikuki ya Kimasai iliyotengenezwa kwa vipande vitatu vinavyofunguka ili vienee sandukuni. Mkuki huo haukupata kumwona simba, wala hautamwona. Hatuna ugomvi na wakusanyaji hao. Lakini wengi wao huishia kwenye uzuri wa kitu. Watakutajia urefu wa mtutu na nakshi za mpini, usiwasikie wakitaja aliyepigwa. Mwalimu hana ruhusa ya kuishia hapo.

Sisi wenyewe tulikosea kwanza, na si vibaya mlijue kosa lenyewe. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda katika shule moja iliyo mpakani mwa maeneo ya koo mbili, tukiwa na panga sita na ngao mbili zilizochongwa na wanachuo wetu kwa ustadi mkubwa. Tulizigawa kwa watoto mwanzoni mwa kipindi, kabla ya kuuliza swali lo lote, tukidhani kwamba kifaa kitaamsha hamu ya kujifunza. Hazikupita dakika tano, watoto walikuwa wamegawanyika pande mbili. Hawakufuata madawati wala urafiki. Walifuata njia wanazopita kurudi nyumbani. Hapana aliyempiga mwenzake. Ila kijana mmoja wa miaka kama kumi na mitatu aliugeuza upanga wake ili ukali utazame mbele, na mkono ukatulia, kama afanyavyo mtu aliyekwisha kuonyeshwa. Mwalimu wa darasa, ambaye ni mwenyeji, aliinuka akazikusanya moja baada ya moja bila kusema neno, akaziweka juu ya kabati. Somo likaisha hapo. Njiani wakati wa kurudi chuoni hapana aliyezungumza.

Wako wenzetu waliosema baada ya hapo kwamba dawa ni kuziacha kabisa silaha na kufundisha kwa picha za kitabuni. Tumeyafikiri maneno hayo kwa heshima, kwa kuwa waliyasema wazazi pia. Lakini picha ina udhaifu wake. Katika picha mkuki na bunduki ya rashasha vyaweza kuwa na ukubwa mmoja, na mtoto akatoka darasani akiamini kwamba wazee waliopigana na Wajerumani walishindwa kwa sababu hawakuwa mashujaa, au kwamba walikuwa wajinga walioamini maji. Hilo ni kosa la historia, na lina madhara kuliko upanga wa mti.

Chukueni tarehe 30 Agosti 1905, siku ambayo maelfu ya wapiganaji wa Majimaji waliishambulia boma ya Mahenge. Ndani ya boma mlikuwa na bunduki za rashasha. Mwalimu akisema tu kwamba bunduki hizo zilikuwa "hatari sana," hajasema kitu. Sasa na aje na gobori la mti na mdeki wake. Mtoto mmoja alishike. Mwingine ashike saa. Amimine baruti, yaani mchanga; asindilie kwa mdeki; atie gole la kitambaa na kokoto iliyo badala ya risasi; asindilie tena; aweke fataki; ainue, alenge. Watoto wetu, hata wale wepesi wa mikono, hawakupata kumaliza chini ya nusu dakika. Hiyo ni risasi moja. Kisha mwalimu aweke mezani punje mbili za mahindi: ndizo risasi za gobori katika dakika moja. Kando yake watoto wahesabu punje 500, wazimimine kwenye debe. Hizo ndizo risasi ambazo bunduki ya Maxim, iliyobuniwa mwaka 1884, iliweza kuzitoa kwa dakika hiyo hiyo moja. Kuhesabu punje 500 huwachukua watoto muda mrefu, nao huanza kwa kucheka. Kufika punje ya mia tatu, kicheko huwa kimekwisha. Hapo ndipo mwalimu aulize: wale waliokuwa na mikuki waliizunguka boma hiyo wakiwa wamebeba nini moyoni, hata wakaendelea kuikabili?

Ili mtoto asidhani kwamba silaha ndiyo yote, apelekwe Lugalo, Iringa, tarehe 17 Agosti 1891. Wahehe wa Mkwawa waliuvizia msafara wa Zelewski uliokuwa ukipita mmoja mmoja katika njia nyembamba yenye vichaka, na kwa muda mfupi sana jeshi hilo lilivunjika na Zelewski akauawa. Askari walikuwa na bunduki. Wahehe wengi walikuwa na mikuki. Mpeni mtoto bunduki ya mti yenye urefu wa takriban mita 1.3, mfano wa Mauser ya mwaka 1871 iliyotia risasi moja moja, mwambieni aigeuze haraka katikati ya madawati yaliyosogezwa karibu. Haigeuki. Mkuki mfupi wa kuchomea wageuka. Halafu mkumbusheni kwamba tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ya Kalenga yenyewe ilianguka, na kwamba mahali palipokuwa wazi, penye mizinga, hesabu ilikuwa nyingine. Somo hili halihitaji mwalimu kuvumisha sauti. Lahitaji fito mbili zenye vipimo vya kweli.

Vipimo ndiyo roho ya mkusanyo. Upanga uliochongwa kwa kukisia ni mchezo. Uliochongwa kwa kupima ni kielelezo. Kwa upande wa utengenezaji, tunashauri mti laini, magamba ya mgomba na maboksi kwa ngao, mkaa na udongo kwa rangi. Ncha zote zifanywe butu. Bunduki ya mfano isiwe na kipande cha bomba wala tundu katika mtutu. Iwe gogo tupu ndani na nje. Twalisisitiza hili kwa kuwa watoto wetu ni mafundi. Wako wanaojua kutengeneza vijibunduki vya spoku za baiskeli na vichwa vya njiti za kiberiti, na vimekwisha kuwaunguza vidole. Bunduki ya shule isiwape hatua ya kwanza ya kuelekea huko.

Silaha ya kweli isipokewe kabisa. Mara nyingi, habari zikienea kwamba shule inakusanya, babu fulani atakuja na mkuki wa baba yake, akiwa amevaa koti lake zuri. Msimwambie kwamba haufai. Mpeni kiti, mwombeni ruhusa ya kuupima na kuuchora mbele ya watoto, aeleze mwenyewe nani aliufua na ulikwenda wapi, kisha arudi nao nyumbani siku ile ile. Mkuki huo ni urithi wa ukoo, na kwenye kabati la shule ungekuwa mateka. Ama gobori au bunduki yo yote, hiyo ni kazi ya polisi chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mwalimu asiishike, wala asikubali kuihifadhi "kwa muda."

Pale babu aelezapo nani aliufua, mwalimu asikie vizuri, kwa maana jambo hili hupitwa na wengi. Katika jamii kadhaa za Mara wahunzi walikuwa watu wa pekee, walioitwa Waturi, ambao wengine hawakuoana nao. Waliofua mkuki walikaa kando, walioubeba waliimbwa. Tulipolieleza hilo katika darasa la sita, watoto walibishana kipindi kizima, na ubishi huo, kwa mara ya kwanza katika uzoefu wetu, haukufuata ukoo. Mtoto wa upande huu alisimama na mtoto wa upande ule kumtetea mhunzi. Tangu siku hiyo kila kifaa katika mkusanyo wetu kina kibandiko chenye majibu ya maswali manne: nani alikitengeneza, nani alikibeba, kiligharimu nini, nani aliumia. Jibu la nne aghalabu huachwa wazi, nasi hatulijazi kwa kubuni.

Jambo moja bado hatujalipatia ufumbuzi, nasi twaliweka mbele yenu mlifanyie kazi mtakapokuwa shuleni. Wasichana hukaa nyuma katika masomo haya. Huona kwamba mikuki si habari yao, na walimu wetu wengi, tukiwamo sisi, tumewaacha wakae. Muhula uliopita msichana mmoja, ambaye hakuwa amegusa kifaa hata kimoja, alisoma kibandiko cha mkuki wa uvamizi wa ng'ombe, akanyosha mkono. Aliuliza: "Hao ng'ombe walioletwa, walitolewa mahari ya nani?" Darasa lilinyamaza. Mwanachuo aliyekuwa akifundisha alitutazama sisi tuliokaa nyuma, nasi hatukuwa na jibu la kumpa. Tuliomba kibandiko, tukaongeza mstari wa tano.