Jim Croce: Alitunga wimbo kuhusu wakati, wakati ukamkimbia

MSOMAJI mpendwa, kabla hujafungua ukurasa mwingine, hebu nikuulize swali dogo. Mara ya mwisho ulipomwambia mwanao, "Baba ana kazi, tutacheza wikendi," ilikuwa lini? Na wikendi ilipofika, je, mlicheza?

Nina jirani hapa mtaani Eastlands ambaye ni dereva wa lori la masafa marefu. Huondoka Jumatatu alfajiri watoto wakiwa bado wamelala, na pengine asirudi hadi wiki ya pili. Juzi alipobisha mlango, kitindamimba wake alimwangalia, akaangua kilio na kukimbilia gauni la mamake. Alidhani ni mgeni. Jirani yangu alicheka mbele ya watu, lakini baadaye mkewe alimwambia mke wangu kwamba usiku huo mzee hakula chochote.

Kisa hicho kilinikumbusha mwanamuziki mmoja Mmarekani ambaye huenda umewahi kuisikia sauti yake usiku redioni, ile saa ya nyimbo za taratibu, bila kujua ni ya nani. Jina lake ni Jim Croce, nalo hutamkwa "Krochi". Aliimba mtindo wa roki laini, ule usio na ngoma za kupasua masikio, na nyimbo zake nyingi alijitungia mwenyewe. Naye aliwahi kuwa dereva wa lori. Alikuwa baba wa mtoto mmoja, na kazi ilimweka mbali na nyumbani.

Zawadi yenye mtego

Croce alizaliwa Januari 10, 1943 katika mji wa Philadelphia, katika familia yenye asili ya Italia. Chombo chake cha kwanza hakikuwa gitaa bali akodioni, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma ambacho wapenzi wa mwomboko hapa kwetu wanakijua vyema. Alianza kukipiga akiwa mtoto wa miaka mitano hivi.

Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Villanova, akasomea saikolojia na kufuzu mwaka 1965. Alipokuwa mwanafunzi aliimba katika kwaya ya chuo, akawa mtangazaji wa redio ya wanafunzi, na bendi yake ikachaguliwa kwenda ziara ya kubadilishana utamaduni Afrika, Mashariki ya Kati na Yugoslavia.

Mwanafunzi unayesoma safu hii, sasa tega sikio. Wazazi wa Croce walikuwa kama wazazi wengi wa hapa kwetu. Walitaka kijana mwenye digrii atafute kazi ya heshima na aachane na mambo ya gitaa. Alipomwoa Ingrid Jacobson mwaka 1966, walimpa dola 500 kama zawadi ya harusi, lakini kwa sharti kwamba azitumie kurekodi santuri. Hesabu yao ilikuwa kwamba santuri itadoda, kijana ataona aibu, kisha atarudi kwenye njia waliyomchagulia. Zilitengenezwa nakala 500 za santuri hiyo iliyoitwa Facets. Zote zilinunuliwa! Mtego ukateguka, na kijana akazidi kuamini kwamba muziki ndio kazi yake.

Magitaa yauzwa

Lakini usidhani mambo yalinyooka tangu hapo. Mwaka 1968 Croce na Ingrid walihamia New York kujaribu bahati. Septemba mwaka huo walitia sahihi mikataba ya muziki bila kuwa na wakili wao wenyewe. Aliyewaeleza yaliyomo alikuwa mwanasheria wa upande wa pili. Walikuwa vijana wenye hamu, na kalamu ilikuwa tayari mezani.

Mwaka 1969 walitoa santuri wakiwa wawili, mke na mume. Walizunguka na gari lao kutoka mji hadi mji wakiimba katika kumbi ndogo na vyuo, wakienda maelfu kwa maelfu ya maili. Santuri haikununuliwa sana, na kodi ya nyumba haingoji. Hatimaye walichoka na jiji, wakahamia shambani Lyndell, katika jimbo la Pennsylvania. Croce akauza magitaa yake yote, akabaki na moja tu ili walipe kodi.

Ingrid alioka mkate nyumbani. Mumewe aliendesha lori, akafanya kazi za mikono kwenye ujenzi, zile vijana wetu huziita mjengo, na kufundisha watu kupiga gitaa. Hebu mfikirie mtu mwenye digrii ya saikolojia akibeba mawe! Vijana wengi waliomaliza vyuo hapa Nairobi wanaifahamu hali hiyo bila kuelezwa.

Hata hivyo, miaka hiyo haikupotea bure. Croce aliwasikiliza madereva, wajenzi na watu wa baa, akaweka hadithi zao akilini. Hata siku zake za mafunzo katika jeshi la akiba zilimpa wimbo. Huko aliwaona wanajeshi wakipanga foleni kwenye simu, wengine wakiwa wamepokea barua za kuachwa na wapenzi wao. Ndipo alipotunga Operator, wimbo wa mwanamume anayemwomba karani wa simu amtafutie nambari ya mpenzi aliyemwacha na kwenda kuishi na rafiki yake. Wazazi wanaokumbuka vibanda vyetu vya simu, sarafu mkononi na watu wanaonung'unika nyuma yako kwenye foleni, wataelewa mara moja kwa nini wimbo huo unachoma moyo.

Habari za mtoto

Mwishoni mwa mwaka 1970 Ingrid alimpa mumewe habari kwamba ana mimba. Wakati huo walikuwa hawana mbele wala nyuma. Croce alichukua gitaa, na kutokana na habari hizo akatunga Time in a Bottle, wimbo wa mtu anayetamani kama wakati ungeweza kuwekwa ndani ya chupa, ili aje autumie na wale awapendao. Mtoto wao, Adrian James, alizaliwa Septemba 28, 1971.

Kuja kwa mtoto kulimfanya Croce ajaribu tena. Alituma nyimbo zake kwa Tommy West, rafiki yake tangu siku za Villanova, ambaye alikuwa akitayarisha muziki pamoja na Terry Cashman. Kando yake sasa alikuwapo kijana Maury Muehleisen, mpigaji gitaa hodari ajabu. Mwanzoni Croce ndiye aliyekuwa akimsindikiza Maury kwa gitaa. Baadaye wakabadilishana nafasi. Ukizisikiliza nyimbo hizo leo, usisikilize sauti pekee. Sikiliza magitaa mawili yanavyojibizana, moja likishika mdundo na jingine likidonoa nyuzi nyembamba kama mvua juu ya mabati. Lile la pili ndilo la Maury.

Mwaka 1972 kampuni ya ABC Records ilikubali kumrekodi, na mambo yakabadilika kwa kasi. You Don't Mess Around with Jim ulifika nafasi ya nane katika orodha ya Billboard, Operator ukafika ya 17, na Julai 1973 wimbo wa Bad, Bad Leroy Brown ukakaa nafasi ya kwanza kwa wiki mbili. Yule mbeba mawe wa Lyndell sasa alionekana kwenye televisheni, na kumbi zilijaa.

Hapo ndipo penye shida, msomaji wangu. Umaarufu huo ulikuwa na bei yake, na bei yenyewe ililipwa kwa siku. Leo yuko jimbo hili, kesho jingine, keshokutwa Ulaya. Mwaka huo wa 1973 familia ilihamia San Diego, California, lakini baba mwenyewe hakupata nafasi ya kukaa sana katika nyumba hiyo. Mtu aliyetunga wimbo wa kuhifadhi siku kwa ajili ya familia alikuwa akizigawa siku hizo kwa watu asiowajua.

Mti mwisho wa uwanja

Alhamisi ya Septemba 20, 1973, Croce aliwaimbia wanafunzi wa chuo kikuu cha Northwestern State mjini Natchitoches, jimbo la Louisiana. Baada ya onyesho alikimbilia ndege ndogo ya kukodi, kwani kesho yake alikuwa na onyesho lingine Sherman, Texas. Ndege hiyo ilipopaa usiku huo iligonga mti karibu na mwisho wa uwanja, ikaanguka. Wote sita waliokuwamo walikufa, akiwemo Maury aliyekuwa na umri wa miaka 24 pekee.

Croce alikuwa na miaka 30. Zilikuwa zimebaki siku nane tu mtoto wake atimize miaka miwili.

Yaliyofuata yanatia simanzi zaidi. Baada ya kifo chake, Ingrid alipokea barua ambayo mumewe alikuwa amemwandikia akiwa safarini. Ndani yake Croce alieleza kwamba amechoka, kwamba angependa kuacha maonyesho, akae nyumbani na kugeukia uandishi wa hadithi na filamu. Alikuwa amekwisha kuamua! Kilichokosekana ni siku za kuutekeleza uamuzi huo.

Na ule wimbo wa chupa? Ulikuwa umelala ndani ya santuri yake ya 1972 kama wimbo wa kawaida. Siku chache kabla ya ajali ulitumiwa katika filamu ya televisheni, watu wakaanza kuuliza ni wa nani. Ulipotolewa peke yake, ulifika nafasi ya kwanza mwishoni mwa Desemba 1973. Mtunzi alikuwa kaburini kwa miezi mitatu.

Aliyebaki na mzigo

Mara nyingi hadithi za wasanii huishia kaburini, tukasahau waliobaki. Ingrid alibaki na mtoto mdogo pamoja na ile mikataba ya 1968, akaenda mahakamani. Mwaka 1982 mahakama moja ya New York iliamua kwamba mikataba yenyewe haikuwa ya ulaghai, lakini mwanasheria aliyewaeleza yaliyomo alikosea kwa kutowashauri watafute wakili wao. Mwaka 1984 mahakama ya rufaa ikakubaliana na uamuzi huo. Vijana mnaoimba, mnaoigiza na mnaocheza kandanda, funzo ni hilo. Usitie sahihi karatasi ambayo imeelezwa na mtu wa upande wa pili peke yake. Mtafute wa kwako akusomee.

Mwaka 1985 Ingrid alifungua mkahawa mjini San Diego na kuupa jina la Croce, wageni wakawa wanakula huku muziki ukipigwa. Mkahawa huo ulidumu kwa zaidi ya robo karne.

Mtoto naye alipata majaribu yake. Akiwa na miaka minne alipoteza uwezo wa kuona, na ni baadaye tu ambapo jicho moja lilianza kuona tena kwa kiasi. Katika giza hilo alijifunza piano, na leo anajulikana kama A.J. Croce, mwanamuziki aliyetoa santuri yake ya kwanza mwaka 1993. Kwa miaka mingi alikataa kuimba nyimbo za babake jukwaani, akitaka ajulikane kwa kazi yake mwenyewe. Alipokuwa mtu mzima, ndipo alipoanza kuziimba katika maonyesho yake. Baba ambaye hakumfahamu kwa uso, akamfahamu kwa nyuzi na maneno.

Ni jambo la kufariji, lakini tusijidanganye. Santuri haimwogeshi mtoto. Haimbebi mabegani kumpeleka dukani, wala haimsaidii hesabu za darasa la nne.

Simaanishi kwamba baba aache kazi. Jirani yangu akiegesha lori, karo italipwa na nani? Croce mwenyewe alikwenda kuimba kwa sababu kulikuwa na mdomo wa kulishwa. Ninachosema ni kwamba wakati hauwekeki akiba kama pesa za chama, ati utaugawa mwisho wa mwaka. Wahenga walituonya kwamba wakati ni ukuta, ukipigana nao utaumia mwenyewe. Kama una saa moja leo Jumapili, hiyo ndiyo saa yako. Ile ya wikendi ijayo bado si yako.

Jana jioni nilimwona jirani yangu amekaa kwenye ngazi za ploti, yule kitindamimba amesimama hatua tatu mbali naye, akimchungulia. Baba alikuwa na ndizi mkononi, hamwiti, anangoja tu. Polepole mtoto akasogea, akaichukua ndizi, kisha akaketi kando yake. Leo usiku lori linaondoka tena.

Hadi Jumapili ijayo, weka gazeti kando uwaangalie walio karibu nawe. Kwaheri.