Kutu Kwanza, Kimo Baadaye

Simlaumu aliyejaaliwa pikapu kuukuu ya Toyota Hilux, ile ambayo tangu mwaka 1979 ilitengenezwa pia ya kuvutwa na magurudumu yote manne, akaazimia kuifufua uani mwake kwa mikono yake mwenyewe. Maana ekseli ya mbele ya zile za awali za magurudumu manne, iliyo pande moja na kukalia springi za bapa, ni kazi sahili kwa mwenye subira. Ninalolaumu ni pupa ya kuiongezea gari kimo kabla ya kuigonga chesisi kwa nyundo ndogo na kusikiliza: chuma kizima hulia kama kengele, kilicholiwa na kutu hujibu kwa sauti ya ububu. (Yangu ilijibu hivyo, na nyundo ikazama.) Tena, springi zikiisha kuinuliwa, mipira ya breki hukazika gurudumu lishukapo shimoni; basi, ewe msomaji, tia iliyo mirefu kabla hujaitoa gari uani.