Anayekupulizia Dawa ni Mfanyakazi Wako, Mkinge

Ndugu mkulima na ndugu mfanyabiashara, leo sizungumzii dozi wala ratiba ya kupulizia. Nazungumzia mtu anayebeba bomba.

Pita asubuhi kwenye bustani za nyanya za Ilula, mabonde ya mboga ya Lushoto au mashamba ya vitunguu ya Mang'ola. Si ajabu kumkuta kijana amevaa kandambili na fulana, bomba la lita 16 limemkaa mgongoni, linavuja kidogo kwenye mfuniko. Mwenye bustani amesimama mbali, upande ambao upepo haumfikishii dawa. Anajua vizuri kuwa ile ni sumu, ndiyo maana amesimama pale.

Msimamo wangu ni huu: ukishalima mboga za kuuza na ukamlipa mtu akupulizie, wewe ni mwajiri. Haijalishi ni robo eka au eka tano, ni kibarua wa siku moja au wa msimu mzima. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imeweka wajibu wa kutoa vifaa vya kinga kwa mwajiri. Kwa hiyo ile kauli ya "aje na vifaa vyake" haina mashiko. Mbegu ni yako, dawa ni yako, faida ni yako. Hatari nayo usimwachie yeye peke yake.

Sumu inaingilia wapi

Watu wengi wanaogopa harufu, wanafunga kitambaa puani na kuona wamemaliza. Kitambaa hakizuii mvuke wa dawa, na kikilowa kinaishikilia dawa hapo hapo mdomoni. Isitoshe, kwa mtu wa bomba njia kubwa ya sumu ni ngozi. Inaingia mikononi wakati wa kupima dawa ambayo bado haijachanganywa na maji. Inaingia mgongoni bomba likivuja, na miguuni anapopita kwenye majani aliyotoka kuyapulizia. Wakati wa joto na jasho ngozi hupokea sumu haraka zaidi.

Dawa za kundi la oganofosfeti, kama profenofosi na klopirifosi, hushambulia mfumo wa fahamu. Dalili zake ni kichwa kuuma, jasho jingi, mate kujaa, macho kutoa machozi, kuona ukungu, kutapika, kuhara na misuli kutetemeka. Kijana akikuambia jioni kwamba "leo dawa imenipiga", usimcheke wala usimwambie atazoea. Mwili hauzoei sumu. Akipulizia leo na keshokutwa tena, madhara yanajilimbikiza.

Na maziwa? Maziwa ni chakula kizuri, lakini hayaondoi dawa iliyokwisha kuingia kupitia ngozi. Kumpa kibarua nusu lita ya maziwa badala ya glavu ni kujidanganya wewe na kumdanganya yeye.

"Vifaa ni ghali"

Hoja hii naisikia kila msimu, na siidharau, kwa sababu bei ya nyanya naijua inavyoanguka. Lakini tupige hesabu. Tuseme glavu za mpira zinazofika juu ya kifundo, gambuti, miwani ya kinga, barakoa yenye kichujio na ovaroli vimekugharimu shilingi 80,000. Mkiwa wakulima wanne mnaopeana zamu ya bomba, kila mmoja anatoa 20,000. Kifaa kikichakaa mnabadilisha hicho tu, na kichujio mnabadilisha kwa wakati wake. Iandike fedha hiyo kwenye daftari lako pamoja na mbegu na mbolea. Bustani isiyoweza kubeba gharama hiyo ilikuwa inamkopa kibarua afya yake, tena bila kumwambia.

Wengine wanasema ovaroli lina joto. Ni kweli. Basi pulizia asubuhi na mapema au jioni, wakati upepo umetulia. Suruali ikae nje ya gambuti, isichomekwe ndani, dawa isije ikatiririka hadi kwenye unyayo. Nozeli ikiziba, isafishwe kwa maji na brashi laini. Asiipulize kwa mdomo. Bomba linalovuja litengenezwe kabla ya kazi.

Lipa kwa namna inayomlinda

Kumlipa mtu kwa idadi ya mabomba kunamfanya akimbize. Akisimama kunawa mikono au kukaza mfuniko, anajiona anapoteza hela. Kubalianeni malipo ya kazi nzima, na muda wa kuoga na kufua uwe sehemu ya kazi hiyo. Weka ndoo ya maji safi na sabuni pembeni ya shamba kabla hajachanganya dawa. Asile wala asivute sigara mpaka awe amenawa. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto.

Jambo la watoto halina mjadala. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Kubeba bomba ni kazi ya hatari, na kuchanganya dawa ni hatari zaidi. Hata mwanao usimtume.

Kwa wenye maduka ya pembejeo

Ndugu yangu wa duka, najua mteja anakuja na 2,000 mkononi anataka dawa ya bomba moja. Ukimpimia kwenye chupa ya soda au ya maji, umemnyima lebo, na umeweka sumu ndani ya kitu ambacho mtoto anakijua kuwa ni kinywaji. Agiza vifungashio vidogo vilivyofungwa kiwandani, vyenye lebo ya Kiswahili na dawa iliyosajiliwa na TPHPA. Mweleze mteja rangi za lebo: nyekundu ndiyo yenye sumu kali zaidi, kisha njano, bluu, halafu kijani. Kijani nayo ni sumu, usimwache aamini vingine. Na panga glavu kwenye rafu ile ile ya dawa. Atakayeziona ndiye atakayeuliza bei.

Ikitokea ajali

Mtoe mtu kwenye dawa. Mvue nguo zilizolowa, wewe ukiwa umevaa glavu. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Dawa ikiingia machoni, suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15. Usimtapishe na usimnyweshe maziwa. Mwahishe kituo cha afya ukiwa na chupa ya dawa au lebo yake, kwa kuwa mganga anahitaji jina la kiambato ili ajue la kufanya. Hapo ndipo utaelewa kwa nini ile chupa ya soda ni tatizo: haina cha kumwonyesha mganga.

Kabla ya kumpigia simu kijana wako aje kupulizia wiki hii, kagua vitu vitatu: glavu zipo, bomba halivuji, maji na sabuni vipo shambani. Kimoja kikikosekana, ahirisha mpaka kesho. Wadudu watakula majani machache zaidi, lakini kijana atarudi kwao mzima.