Mbunge apimwe kwa kura na maswali yake

Ndugu Mhariri,

Naomba unipatie nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo linabishaniwa sana huku vijijini, na nina hakika hata mijini linabishaniwa. Jambo lenyewe ni hili: mbunge wa upinzani anatufaa nini? Wapo wenzetu wanaosema kwamba mbunge wa namna hiyo ni mzigo tu kwa mlipa kodi. Wanasema hana idadi ya kura za kupitisha wala kuzuia muswada wowote. Anasimama, anasema, kura zinapigwa, anashindwa, anakaa. Kwa maoni yao debe tupu haliachi kuvuma.

Hoja hiyo haifai kupuuzwa, maana anayeitoa anataka kuona matunda. Lakini kwa maoni yangu wenzetu hao wanatumia kipimo kisicho sahihi. Ili tusije tukagombana kwa kutajiana majina ya watu wetu wa leo, nitachukua mfano wa mbunge ambaye kazi yake imekwisha na ambaye historia imekwisha kumpima. Mfano huo unatoka Afrika Kusini, nchi ambayo sisi Watanzania tunaijua vizuri kwa kuwa wapigania uhuru wake waliishi nasi hapa mkoani Morogoro, pale Mazimbu na Dakawa. Mbunge huyo ni mama Helen Suzman.

Mama huyu aliingia Bungeni mwaka 1953 kwa tiketi ya chama cha United Party, akiwakilisha jimbo la Houghton katika mji wa Johannesburg. Bunge lenyewe lilikuwa la kibaguzi, nao waliomchagua walikuwa Wazungu. Mwaka 1959 yeye na wenzake kadhaa walikihama chama hicho kwa sababu kilikuwa kikisitasita mbele ya siasa ya ubaguzi, wakaunda chama kipya cha Progressive. Uchaguzi wa mwaka 1961 ulipofanyika, wenzake wote walianguka. Yeye alipona kwa tofauti ya kura 564 tu. Tangu hapo hadi mwaka 1974, yaani miaka 13 mizima, alikuwa mbunge pekee wa chama chake katika Bunge lile.

Sasa ndugu msomaji, hebu tumpime kwa kile kipimo cha wenzetu. Je, alipitisha sheria gani? Alizuia muswada gani wa makaburu? Mtu mmoja hawezi kuzuia chochote. Kwa kipimo hicho, miaka yake 13 ni bure tupu. Lakini tukipima kwa kura alizopiga na kwa maswali aliyowauliza mawaziri, tunapata jibu jingine kabisa.

Nianze na kura. Mwaka 1963 Waziri wa Sheria wa wakati huo, B.J. Vorster, alipeleka Bungeni muswada ulioiruhusu polisi kumweka mtu ndani kwa siku 90 bila kumfikisha mahakamani na bila kumruhusu kuonana na wakili. Siku hizo zikiisha, mtu aliweza kukamatwa tena na kuanza kuhesabiwa siku nyingine 90. Ndani ya muswada huo huo kilipachikwa kifungu cha kumzuia Robert Sobukwe, kiongozi wa PAC, aendelee kukaa kifungoni ingawa alikuwa anamaliza kifungo chake cha miaka mitatu. Chama cha United Party, ambacho ndicho kilichokuwa upinzani rasmi na kilichokuwa na makumi ya wabunge, kiliunga mkono muswada huo. Aliyeupinga alikuwa mmoja tu, mama Suzman. Kabla mwaka haujaisha, mwezi Septemba, mpigania uhuru Looksmart Ngudle alikufa akiwa ameshikiliwa kwa sheria hiyo. Naye Sobukwe aliendelea kushikiliwa kisiwani Robben hadi mwaka 1969, kifungu kile kikihuishwa kila mwaka. Mwaka 1967 ulipokuja muswada ulioitwa wa kupambana na ugaidi, ambao ulimruhusu polisi kumshikilia mtu bila kikomo cha siku, mama yule alisimama peke yake tena.

Hapa pana funzo ambalo ningependa wasomaji wenzangu walitazame kwa makini. Kama mwananchi wa wakati ule angehesabu viti, angesema kuwa Afrika Kusini ilikuwa na upinzani mkubwa. Kama angesikiliza hotuba, angewasikia wapinzani wengi wakiilaumu serikali kwa hili na lile. Lakini siku ya kuhesabu kura, siku ambayo uhuru wa mtu kutokamatwa ovyo ulikuwa unazikwa, upinzani wote ulibaki mtu mmoja. Kwa hiyo jina la chama halitoshi, wala ukali wa hotuba hautoshi. Kura ndiyo inayoonyesha mbunge alisimama wapi mambo yalipokuwa magumu. Na kura hiyo, hata ikishindwa, inaandikwa. Waliokubali hawawezi kusema baadaye kwamba hawakujua, kwa sababu alikuwapo aliyewaambia.

Nije kwenye maswali. Serikali ya makaburu ilikuwa ikificha mambo mengi. Viongozi wa Waafrika walipigwa marufuku, na magazeti yalikatazwa kuandika maneno yao. Lakini kanuni za Bunge zilibaki pale pale: mbunge akiuliza swali, waziri anajibu, na jibu linaingia katika kumbukumbu rasmi, nayo magazeti yanaruhusiwa kuliandika. Mama Suzman aliutumia mwanya huo kikamilifu. Hakuuliza kama serikali inawapenda Waafrika. Aliuliza hesabu. Ni watu wangapi wamekamatwa kwa makosa ya pasi? Wangapi wamechapwa viboko? Wangapi wamenyongwa? Wangapi wako kizuizini bila kushtakiwa? Ni familia ngapi zimehamishwa kwa nguvu kutoka katika makazi yao?

Waziri hakupenda, lakini alilazimika kutaja. Hivyo ndivyo dunia ilivyojua, kutoka vinywani mwa makaburu wenyewe, kwamba mamia ya maelfu ya watu walikuwa wakishtakiwa kila mwaka kwa sheria za pasi peke yake. Watafiti walizikusanya takwimu hizo katika vitabu vyao vya kila mwaka, na wapinga ubaguzi wakazitumia ng'ambo. Serikali isingeweza kusema ni uzushi wa maadui, kwa kuwa mtoaji wa takwimu alikuwa waziri wake. Inaelezwa kwamba waziri mmoja alimlaumu mama huyo kuwa anauliza maswali ili kuiaibisha nchi mbele ya mataifa. Naye akamjibu kwamba kinachoiaibisha nchi si maswali yake, bali ni majibu ya waziri. Kwa kweli jibu hilo linafaa kukumbukwa na kila mtu anayedhani kuwa kumwuliza waziri ni kuitukana serikali.

Tena mama huyu hakuwa akiuliza mambo aliyoyasikia barabarani. Alikuwa na desturi ya kwenda kuona kwa macho yake. Mwaka 1967 alifika gerezani katika kisiwa cha Robben akaonana na Nelson Mandela, ambaye alimweleza habari za askari mmoja wa magereza aliyekuwa na chale ya alama ya Manazi mkononi na aliyewatesa wafungwa. Mama Suzman alilipeleka jambo hilo kwa wakubwa, na baadaye askari yule akaondolewa pale. Wafungwa hawakufunguliwa, hilo ni kweli. Lakini mwulizeni mtu anayevunja mawe juani kila siku kama kuondolewa kwa mtesaji wake ni jambo dogo.

Lakini sipendi nionekane kama ninampamba mama huyu kupita kiasi. Ukaburu haukuangushwa na maswali ya Bungeni. Uliangushwa na wananchi wenyewe wa Afrika Kusini, kwa migomo, kwa maandamano, kwa vifungo na kwa damu, wakisaidiwa na nchi zilizokuwa mstari wa mbele pamoja na vikwazo vya mataifa. Mama Suzman yeye alivipinga vikwazo vya uchumi, na katika hilo wapigania uhuru hawakukubaliana naye. Chama chake nacho, hadi mwaka 1978, kilikuwa na siasa ya kutoa haki ya kura kwa wenye elimu au mali ya kiasi fulani, badala ya kila mtu mzima. Kadhalika kilisaidiwa kwa fedha na tajiri wa madini, Harry Oppenheimer. Wapo waliosema kwamba kukaa kwake katika Bunge la wabaguzi kulilipa Bunge hilo heshima lisiyostahili. Hayo yote yana uzito wake, na msomaji anaweza kuyatia katika mizani. Ninachosema ni kwamba tunaweza kuyatia katika mizani kwa sababu rekodi ipo. Tunajua alipokubali, alipokataa, alichouliza na alichojibiwa. Mbunge ambaye hana rekodi ya namna hiyo hatuwezi kumsifu wala kumlaumu, tutabaki kumpenda au kumchukia tu.

Aliondoka Bungeni mwaka 1989, baada ya miaka 36. Tarehe 10 Desemba, 1996, Rais Mandela alipotia sahihi Katiba mpya kule Sharpeville, mahali ambapo polisi waliwaua watu 69 mwaka 1960, mama Suzman alikuwapo kando yake. Na hata baada ya uhuru hakuacha kuihoji serikali mpya, ikiwa ni pamoja na juu ya ugonjwa wa UKIMWI wakati wa Rais Mbeki. Alifariki dunia tarehe 1 Januari, 2009.

Sasa turudi nyumbani. Sisemi hata kidogo kwamba Bunge letu linafanana na Bunge la makaburu. La hasha! Letu huchaguliwa na watu wazima wote bila kujali rangi. Lakini kanuni ya swali na jibu ni ile ile, nasi hatuitumii ipasavyo. Wengi wetu tunamkumbuka mbunge kwa kanga na fulana za wakati wa kampeni, na kwa makofi ya meza. Hatujui aliuliza nini mwaka mzima.

Tena si kila swali ni swali. Mara nyingi tunasikia redioni mbunge akiuliza, "Je, Serikali ina mpango gani wa kujenga zahanati katika kata fulani?" Waziri anajibu kuwa mpango upo na zahanati itajengwa fedha zitakapopatikana. Mbunge anashukuru. Swali la namna hiyo limekwisha jijibu lenyewe, maana hakuna serikali duniani isiyokuwa na mpango. Lakini mbunge akiuliza, "Mwaka jana zilitengwa shilingi ngapi kwa zahanati hiyo, zimefika ngapi, zimetumika kufanya nini, na kazi itakamilika mwezi gani?" hapo waziri lazima afungue daftari. Na mwakani swali lile lile likiulizwa tena, majibu mawili yatawekwa pamoja na kila mtu ataona kama tumesogea. Sisi walimu tunajua jambo hili: mtoto anayeulizwa kama amesoma atasema amesoma, anayepewa hesabu ya kufanya ubaoni ndiye anayejulikana.

Kuhusu kura, miswada yetu mingi hupitishwa kwa sauti za "ndiyo" na "siyo", hivyo ni vigumu kujua nani alisema nini. Lakini kura ya bajeti ya Serikali hupigwa kwa kuitwa jina kwa jina, na kila mbunge hutamka msimamo wake. Hiyo ni rekodi ya wazi ambayo wananchi wana haki ya kuisoma.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili. Kwanza, kwako Ndugu Mhariri: kila mkutano wa Bunge unapomalizika, gazeti lichapishe orodha ya wabunge wote, wa chama tawala na wa upinzani, pamoja na maswali waliyouliza na kiini cha majibu waliyopewa. Najua kumbukumbu za Bunge hupatikana katika mtandao kwa mwenye simu na fedha za bando, lakini wazee wengi wa kijijini wanategemea gazeti linalosomwa kwa sauti barazani. Pili, kwa wananchi wenzangu: mbunge, awe wa chama chochote, akija kwenye mkutano wa hadhara tusimwulize ametuletea nini peke yake. Tumwulize ameuliza nini, amejibiwa nini, na alipiga kura gani.

Mbunge mmoja anaweza kushindwa kila kura kwa miaka 13 na bado akawa ameifanya kazi yake. Lakini jibu la waziri lisiposomwa na mtu, hata Bunge lenye wauliza maswali mia litakuwa limeuliza bure.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kilosa, Morogoro.