Si uvivu, si malaria: mwili uliotoka kambini unadai siku zake

KIBUMBA, wilaya ya Nyiragongo – Mama mmoja mwenye miaka hamsini na kitu alirudi kwenye shamba lake la viazi siku ya Jumatatu, mara ya kwanza tangu alipokimbia vita mwaka 2022. Alishika jembe asubuhi na mapema, akaliacha jua likiwa kichwani. Hakutaka kupumzika, juu mvua ilikuwa imekwisha kuanza na mbegu aliichukua kwa deni. Jioni alikuwa mzima, akapika, akacheka na wajukuu. Jumanne aliamka mgongo mzito. Jumatano hakuweza kuondoka kwenye mkeka bila kushikwa mkono, wala kuchuchumaa chooni, wala kuinua bidoni ya lita 5.

Majirani walikutanika, wakatoa hukumu tatu. Wa kwanza alisema ni malaria. Wa pili alisema mishipa imekauka, aitwe muganga wa sindano. Wa tatu hakusema mbele ya mama; alisema njiani, akienda zake: watu wa kambi wamezoea kulala na kungojea msaada, kazi imewashinda.

Hukumu zote tatu ni za uongo, na zote zinagharimu familia ambazo hazina tena cha kupoteza.

Kilichompata mama huyo kinajulikana vizuri kwa waganga waliosoma. Mwili ukikaa muda mrefu bila kazi fulani, halafu ukapewa kazi hiyo yote kwa siku moja, nyama za mwili zinachanika ndani, michaniko midogo sana isiyoonekana kwa macho. Inatokea zaidi pale nyama inapojivuta huku imebeba uzito: kushuka mlima, kuteremsha mzigo polepole kutoka kichwani, kuinama na kushikilia mgongo wakati jembe linashuka. Mwili unaanza kujitengeneza, na ni matengenezo hayo yanayoleta uvimbe, ukavu na maumivu. Ndiyo maana hayaji siku ya kazi. Yanaanza baada ya saa 12 hadi 24, yanakuwa makali sana kati ya siku ya kwanza na ya tatu, halafu yanapungua. Ndani ya wiki moja kwa kawaida yamekwisha. Wale wanaosema kwamba «asidi imejaa kwenye mishipa» wamechelewa: hiyo asidi ya kazi inatoka mwilini ndani ya saa moja hivi baada ya mtu kupumzika. Haiwezi kumwamsha mtu usiku wa Jumatano kwa kazi ya Jumatatu.

Na kuna jambo ambalo wauza sindano hawatalisema kamwe. Mwili uliopita katika maumivu hayo mara moja unajikinga. Kazi ileile ikirudiwa wiki inayofuata, maumivu yanakuwa madogo zaidi, hata kama mtu hakunywa dawa yoyote. Ni deni linalolipwa hasa mara ya kwanza. Anayekata tamaa siku ya tatu, akakaa tena miezi, atalilipa upya.

Tuseme sasa juu ya neno «uvivu», juu ndilo linaloumiza zaidi kuliko mgongo.

Kanyaruchinya, Bulengo, Lushagala, Rusayo: watu waliishi huko chini ya mabashi, juu ya mawe ya volkano, ndani ya vibanda ambavyo mtu mzima hawezi kusimama wima. Mzee aliyezoea kupanda mlima kila siku kwenda shambani alikuwa na hatua kumi tu kati ya kitanda na foleni. Alikaa. Angelima wapi? Wamama hawakukaa; walibeba maji na kutafuta kuni, wengine walikwenda mpaka mbugani wakirudi na majeraha ya kila namna. Lakini mwili unahifadhi nguvu ya kazi unayoufanyisha, si ya kazi nyingine. Mwanamke aliyebeba bidoni miaka miwili ana shingo na miguu. Mikono ya jembe, mabega, kiuno cha kuinama saa tano, hivyo alivipoteza kambini bila kujua, na hakuna aliyemwambia.

Halafu mwezi wa pili 2025 kambi za pembeni ya Goma zikafungwa na mabashi yakang'olewa, kwa siku chache tu. Watu walipanda njia ya Rutshuru na ya Sake na mizigo kichwani, kwa miguu, wengine na chukudu. Walifika vijijini wakati uleule msimu B unapoanza. Kutoka kukaa chini ya bashi mpaka kutembea kilomita zaidi ya 20 na mzigo, kutoka hapo mpaka kwenye jembe, bila hata wiki moja katikati. Mchezaji wa mpira akitoka kwenye jeraha, kocha anampa dakika chache, wiki ijayo nyingi zaidi, na hakuna anayemwita mvivu. Mkulima wa Kibumba anatakiwa kucheza dakika zote 90 siku ya kwanza, na tumbo tupu.

Na hilo tumbo tupu lihesabiwe pia. Nyama za mwili zinatengenezwa na chakula, hasa maharagi, soya, samaki, yai kwa anayelipata. Anayekula mara moja kwa siku anapona polepole kuliko anayekula mara tatu. Yule jirani wa hukumu ya tatu alikuwa amekula asubuhi.

Sasa muganga wa sindano. Kila soko la kijiji lina mmoja, mara nyingi zaidi ya mmoja, na kikapu chake: diclofenac, dexamethasone, vidonge vya rangi visivyo na boksi. Anauza jambo ambalo lingekuja lenyewe bure. Mtu anachomwa Jumatano, Ijumaa anajisikia vizuri, anasifu sindano. Ijumaa angejisikia vizuri hata kama angechomwa maji.

Lingekuwa jambo la kuibiwa pesa ya kilo ya maharagi tu, lingevumilika. Lakini diclofenac kwa mtu aliyefanya kazi juani bila kunywa maji inaweza kuharibu figo, na kwa mwenye tumbo bovu inaweza kuleta damu. Dexamethasone inapandisha sukari na presha, na inaficha dalili za ugonjwa wa kuambukiza mpaka ugonjwa uwe umekwisha kuenea. Watu wanaipenda juu inaleta njaa na kunenepesha uso, wanafikiri ni afya. Na sindano ya matakoni ikichomwa pasipo mahali pake inaweza kugusa mshipa mkubwa unaoshuka mguuni, mtu akabaki anaburuta mguu. Alikuja na maumivu ya siku tano, anaondoka na kilema. Halafu kuna hasara ambayo haionekani haraka: aliyechomwa hasikii tena mwili unasema nini, anarudi shambani siku hiyohiyo kwa jembe la siku nzima, anachana palipochanika.

Anayeshindwa kulala kwa maumivu, paracetamol kwa kipimo alichoambiwa na kituo cha afya, siku moja ao mbili, inatosha. Kitambaa chenye maji ya moto kinatuliza. Kukandwa polepole kunatuliza pia. Kukandwa kwa nguvu mpaka mtu apige kelele hakuna faida yoyote, hata kama anayekanda ni mama mkwe.

Hukumu ya malaria inahitaji uangalifu zaidi, juu malaria iko kweli na inaua. Maumivu ya kazi yanakaa kwenye nyama zilizofanya kazi, pande zote mbili, yanauma ukigusa na ukijongea, na hayaleti homa. Mtu akiwa na joto la mwili, kutetemeka, kutapika, aende kupimwa damu ya kidole siku hiyohiyo, asisingizie jembe. Lakini kumeza dawa ya malaria bila kipimo kila mara kiuno kinapouma, hiyo ni kuchezea dawa ambayo siku nyingine itahitajika kweli.

Kuna dalili nyingine ambazo hazifai kungojea kesho. Mkojo wenye rangi ya chai kali ao ya Coca baada ya kazi nzito: hapo nyama zimeharibika kupita kiasi na figo ziko hatarini, ni hospitali, si nyumbani. Mguu mmoja tu kuvimba na kuuma. Maumivu ya kifua. Miguu kufa ganzi ao mkojo kutoka bila kujizuia. Mbele ya hayo, anayemwambia mgonjwa «itapita» anakosea kama vile muuza sindano.

Wako pia wanaojiita wenye huruma: «Koko, wewe lala tu, umri umekwenda.» Hao nao waache. Kulala siku nzima kunaongeza ukavu. Siku ile mbaya, mwili unataka kutembea kidogo kuzunguka nyumba, kukunja na kunyoosha mikono, kuchota maji nusu ya bidoni. Na umri si kisingizio. Mwaka 1990 waganga wa Boston, Marekani, walichapisha kazi waliyofanya na wazee dhaifu wa nyumba ya kutunzia wazee, wenye umri wa karibu miaka 90. Waliwafanyisha miguu mazoezi ya kuinua uzito kwa wiki 8. Nguvu ya miguu yao iliongezeka zaidi ya mara mbili. Kama mzee wa 90 anaweza, mama wa hamsini na kitu wa Kibumba hawezi kuambiwa kwamba mwili wake umekwisha.

Kinachohitajika ni kuanza kidogo kuliko moyo unavyotaka. Saa moja ya jembe siku ya kwanza, hata kama mtu anajisikia bado ana nguvu. Hasa akijisikia hivyo. Kesho yake asilime, afanye kazi nyingine: kuchagua mbegu, kupalilia akiwa amekaa. Keshokutwa tena jembe, na dakika chache za kuongeza. Kabla ya kuinama, atembee mpaka mwili upate joto. Anywe maji kabla kiu haijamshika. Ashike mpini mrefu kama anaupata, abadilishe mkono. Kujinyoosha baada ya kazi si vibaya, lakini asidanganywe kwamba kutazuia maumivu ya kesho. Ni kuongeza polepole tu kunakoyapunguza.

Watu watajibu: msimu haungojei. Ni kweli, na ni jibu la haki. Mvua haijui kwamba mtu alikuwa kambini. Lakini hesabu ya mama wa Kibumba iangaliwe: alilima siku moja nzima, akalala siku nne. Wenzake watatu wa jirani walifanya likelemba, ile ya jembe badala ya pesa: leo wote watatu shamba la mmoja kwa saa moja na nusu, kesho wapumzike, keshokutwa shamba la mwingine. Wiki ya kwanza hawakwenda mbali. Wiki ya tatu walikuwa wanalima asubuhi nzima, na hakuna aliyelipa muganga wa kikapu. Hata yeye aliwafuata baadaye, mgongo ulipomruhusu.

Wanaostahili kuulizwa kwa sauti kubwa ni wale wanaopanga kazi za watu. Mashirika yanakuja na kazi za mikono za kulipwa kwa siku, HIMO kama zinavyoitwa, kusafisha mifereji na kutengeneza njia. Wanaandikisha walewale waliotoka kambini. Wanampimia kila mmoja kipande chake kwa kamba, na asiyemaliza halipwi siku yake. Hakuna kipande kidogo cha wiki ya kwanza. Hakuna maji ya kunywa karibu. Siku ya tatu, nusu ya watu hawaonekani, na ripoti inaandika kwamba raia hawana moyo wa kazi. Gharama ya kurekebisha jambo hilo ni kukata kamba: theluthi ya kipande wiki ya kwanza, theluthi mbili wiki ya pili, malipo yaleyale. Machifu wanaoita salongo nao wanaweza kufanya hivyo bila kungojea barua kutoka mahali popote.

Kwenye mfereji mmoja wa kandokando ya barabara ya Rutshuru, kamba ya wiki hii ni mita kumi. Kijana wa miaka ishirini amepewa mita kumi. Mama aliyefika juzi na mzigo wake kichwani amepewa mita kumi. Kesho kazi inaanza saa kumi na mbili asubuhi, na kamba bado haijakatwa.