Mazoezi si adhabu, jamani!

Leo naomba tuweke siasa kando kidogo. Najua wengi wenu mnapita hapa kutafuta habari za Bunge na yale ambayo gazetini hayaandikiki, lakini kuna jambo moja limekuwa likinikera kwa muda na nimeona nilitoe. Ni suala la mazoezi. Au niseme vizuri, ni suala la sisi vijana wasomi wa mjini kuanza mazoezi kila baada ya miezi mitatu na kuyaacha kila baada ya wiki tatu.

Hadithi yenyewe mnaijua. Mtu ananunua raba mpya, analipia jimu miezi 3 kwa mkupuo, anawatangazia marafiki. Wiki ya kwanza moto. Wiki ya pili moto. Wiki ya tatu kazini wanamtuma Dodoma siku 5. Akirudi, jimu imekuwa kama mjomba wa shamba: anajua yupo, anampenda, lakini kumtembelea ni mwakani. Halafu anaanza kujisema, "Mimi mvivu bwana." Na wenzake wanamkubalia.

Mimi simkubalii. Huyo mtu anaamka saa 11 alfajiri kuwahi daladala, anarudi nyumbani saa 3 usiku, na wikiendi anasimamia mradi wake wa kuku. Mvivu yupi huyo? Hoja yangu ni kwamba tunaacha mazoezi kwa sababu mbili za kawaida kabisa. Kwanza, tunachagua zoezi tusilolipenda. Pili, tunachagua zoezi lisiloweza kupanda basi.

Tuanze na la kwanza. Hebu kumbukeni shule. Ukichelewa namba, unaruka kichurachura. Ukipiga kelele darasani, unazunguka uwanja mara 10. Sekondari ndiyo usiseme, pushapu kwa kosa la kutochomekea shati. Kuanzia darasa la kwanza hadi kidato cha sita ni miaka 13, na muda wote huo mwili wa kijana wa Kitanzania unafundishwa kwamba kutoka jasho ni malipo ya kosa. Sasa leo una miaka 27, unajiangalia kwenye kioo, unaona kitambi kinachungulia, unajiambia "lazima nikimbie." Angalia neno ulilotumia: lazima. Umejihukumu mwenyewe, umejipa adhabu mwenyewe, na kama mwanafunzi yeyote mwenye akili timamu, mwalimu akigeuka tu unatoroka.

Lakini shuleni hapo hapo kulikuwa na kitu kingine. Kulikuwa na mchakamchaka. Mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, vumbi linatimka, unashtukia mmeshakizunguka kijiji na pumzi bado ipo. Mapumziko wasichana walikuwa kwenye rede na kamba, sisi kwenye chandimu, na hakuna aliyekuwa anahesabu dakika. Kengele ikilia tulikuwa tunaichukia. Mwili ni ule ule na jasho ni lile lile. Ila lile la kichurachura tuliamriwa, na hili la chandimu tulilitaka wenyewe.

Ndiyo maana siwashangai wale ndugu zetu wa vikundi vya joging. Ukiamka mapema siku ya wikiendi hapa Dar, hasa pande za Temeke, utawakuta barabarani wamevaa sare, wanaimba, wanapiga makofi, wengine wana vitambi kabisa na wanakimbia navyo. Ule ni mchakamchaka uliohamia mjini. Wanadumu kwa sababu pale pana utani na watu. Ukikosa wiki mbili mtu anakupigia simu kuuliza kama unaumwa. Ukifiwa wanakuja. Hiyo huwezi kuipata kwenye mashine ya kukimbilia iliyoelekezwa ukutani.

Wengine mtaniambia, basi wote tukimbie. Hapana. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipotwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, kwa tofauti ya sekunde 0.03 tu, nchi nzima ilishangilia na kila mtu akataka kuwa mkimbiaji. Vizuri sana. Lakini kumpenda Simbu ni kitu kimoja na kupenda kukimbia ni kitu kingine. Kuna mtu amezaliwa kucheza muziki. Huyo akicheza singeli nusu saa bila kukaa, atatoka jasho kuliko mimi. Kuna wa kuogelea, kuna wa baiskeli, kuna wa ngumi, kuna anayependa tu kutembea akiwa anapiga stori. Kila mtu ana lake, na kazi ya kwanza ni kulitafuta.

Mtauliza, kwani kuna haraka gani? Ipo. Angalieni wazazi wetu. Wangapi wanatembea na dawa za presha kwenye mkoba? Wangapi wanachomwa kidole kila asubuhi kupima sukari? Na wengi wao ujana wao walilima, walitembea kwa miguu, walibeba maji. Sisi tunaanza kukaa tukiwa na miaka 22. Tunakaa ofisini, tunakaa kwenye foleni, tunakaa kwenye bodaboda hata kwa safari ya kituo kimoja, jioni tunakaa kwa muuza chipsi. Kama wao waliotumia miili yao presha imewakuta, sisi itatukuta mapema zaidi.

Na hili la kukaa halikuanza kujulikana jana. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza aitwaye Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kwenye jarida la Lancet kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya London. Mabasi yale yalikuwa ya ghorofa. Dereva alikaa siku nzima, konda alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi, vidato kama 500 hadi 750 kwa siku moja ya kazi. Walikuta madereva wanaugua na kufa kwa magonjwa ya moyo zaidi kuliko makonda. Basi moja, mji mmoja, tabaka moja la watu. Konda hakuwa na habari ya mazoezi, alikuwa anadai nauli tu. Morris mwenyewe alifariki mwaka 2009 akiwa na miaka 99, kwa hiyo hatuwezi kusema alikuwa anahubiri asichokiishi. Sasa jiulize: wewe kazini kwako ni dereva au konda?

Serikali nayo iliona. Desemba 2016 Samia Suluhu Hassan, wakati huo akiwa Makamu wa Rais, alizindua kampeni dhidi ya magonjwa yasiyoambukiza na kutaka Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi. Nia ilikuwa njema. Lakini Jumamosi moja kwa mwezi ni siku 12 kwa mwaka, na nyingine zitakukuta msibani. Agizo linaweza kukutoa nyumbani mara moja. Kukurudisha uwanjani wiki inayofuata kunahitaji hamu yako mwenyewe.

Sasa tuje kwenye la pili, yaani safari. Hapa ndipo wengi tunapokufa. Sisi waandishi ndiyo kabisa, lakini hata nyie wa mabenki, wa miradi, wakaguzi wa hesabu, mnaishi kwenye mabegi. Tangu treni ya umeme ianze kwenda Dodoma mwaka 2024, bosi haoni shida kukutuma asubuhi.

Kwa nini safari inaua mazoezi? Kwa sababu mazoea yanakaa mahali. Mwaka 2009 Phillippa Lally na wenzake wa chuo kikuu cha UCL, London, walitoa utafiti wao juu ya watu 96 waliojaribu kujijengea tabia mpya, kila mmoja akiifunga kwenye tukio fulani la kila siku, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Muda wa kati wa tabia kuota mizizi ulikuwa siku 66, lakini kwa mtu mmoja mmoja makadirio yalianzia siku 18 hadi 254. Mambo mawili ya kuondoka nayo hapo. Moja, usijilinganishe na jirani. Pili, walikuta kukosa siku moja hakuharibu kitu cha maana. Kinachoharibu ni ile hesabu yetu ya "wiki hii imeshaharibika, nitaanza Jumatatu."

Kwa hiyo usilifunge zoezi lako kwenye jengo. Lifunge kwenye kitu kinachosafiri na wewe, kama vile kuamka. Na liwe na sura mbili: sura ya nyumbani yenye watu na kelele, na sura ya safarini inayoingia kwenye begi. Mpira wa nyumbani safarini unakuwa kamba. Ngumi za nyumbani zinakuwa kupigana na kivuli chako. Dansi inakuwa simu na spika za masikioni.

Mfano mkubwa wa hili ni Nelson Mandela. Kabla ya kufungwa alikuwa mpenzi wa ngumi, akifanya mazoezi jioni Orlando, Soweto. Alipopelekwa kisiwa cha Robben mwaka 1964 akawekwa kwenye seli ambayo kwa urefu wake aliimaliza kwa hatua tatu. Ukumbi wa ngumi haukuwepo. Akahamishia mazoezi yake humo humo: kukimbia papo kwa papo hadi dakika 45, pushapu, kuchuchumaa na kuinuka, siku nne za wiki. Mwenyewe amesimulia kwenye kitabu cha maisha yake. Sasa wewe una chumba cha gesti chenye kitanda cha futi tano na feni, unasema hakuna nafasi?

Mimi chaguo langu la safarini ni kamba. Inakaa ndani ya kiatu. Kipimo chake ni rahisi: kanyaga katikati, ncha zikifika kwapani inakufaa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020 linasema mtu mzima apate kwa wiki dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani, au 75 hadi 150 za mazoezi makali, na siku 2 za kuimarisha misuli. Kamba ni zoezi kali, muulize yeyote aliyeruka dakika tatu mfululizo. Dakika 15 kwa siku 5 ni 75. Hesabu imeisha kabla hujaagiza chai. Tena mwongozo huo umeondoa lile sharti la zamani la angalau dakika 10 mfululizo, kwa hiyo ruka moja, pumzika moja, zote mbichi zinahesabiwa.

Ushauri wa bure: ukiwa chumbani angalia pangaboi juu kwanza. Na kama upo ghorofani, shuka uani, mpangaji wa chini hana kosa. Ruka chini chini, tua kwa vidole vya mbele, magoti yasikaze. Kama una presha au magoti mabovu, ongea na daktari kabla, au tembea tu, kutembea nako kunahesabiwa.

Na usiishie chumbani. Mji mgeni ni uwanja. Ukiwa Iringa, panda jiwe la Gangilonga uuone mji wote. Ukiwa Zanzibar, jioni ufukweni hukosi timu iliyopungukiwa mtu. Ukibahatika kutumwa Kigali, uliza Jumapili ya kufunga barabara, tangu 2016 wanazifungia magari ili watu wakimbie na kuendesha baiskeli. Unaujua mji kwa miguu kuliko kwa dirisha la gari la ofisi, na kwa mwandishi hiyo peke yake ni stori.

Kabla sijamaliza, neno kwa wanaume wenzangu. Dada zetu wengi wanapenda kukimbia na wameacha kwa sababu yetu. Akipita na trakisuti kijiwe kizima kinapiga miluzi, na alfajiri anahofia usalama wake. Kisha sisi hao hao tunawaambia hawapendi mazoezi. Tuache. Kijiwe kikinyamaza tu, tumeshachangia afya ya taifa.

Basi ndugu zangu, jiulizeni maswali mawili kabla ya kulipia chochote. Hili zoezi, kama lisingepunguza hata gramu moja ya kitambi, ningelifanya? Na je, linaingia kwenye begi? Ukijibu ndiyo mara mbili, umepata. Ukijibu hapana, hifadhi hela yako na uendelee kutafuta, lako lipo.

Naomba kutoa hoja.