Anayepiga Rangi Mwisho Hujenga Gari Mara Mbili

"Rangi haikimbizi gari." Kauli hii nimeisikia gereji, nimeisikia kijiweni, na juzi nikaisikia redioni, safari hii kutoka kinywani mwa fundi anayeheshimika. Kijana alikuwa amepiga simu studio. Anajenga Subaru Impreza ya tabo kwa ajili ya mbio. Bodi imeshavuliwa kila kitu, limebaki bati tupu, naye anauliza kuhusu rangi: achague ipi, na aipige lini. Fundi akamjibu kwamba hela yote iende kwenye injini na gia boksi. Rangi ni urembo, ataipiga mwisho kabisa akibakiwa na chochote. Mtangazaji akacheka na kukubali. Kijana akashukuru, simu ikakatwa.

Nina hasira tangu siku ile. Kijana aliuliza swali sahihi kwa wakati sahihi, maana bodi ikiwa tupu ndipo unapoweza kufikia kila kona yake, na akapewa jibu la kumfilisi. Nasema wazi, na nitarudia mpaka ieleweke: anayepiga rangi mwisho hujenga gari mara mbili.

Tazama kazi inavyokwenda. Gari la mbio huanza kwa kuchomelewa: keji ya mabomba ya kumkinga dereva, vipande vya kuimarisha maungio, vishikizo vya viti. Moto wa kuchomelea huunguza rangi yoyote iliyo karibu, kwa hiyo uchomeleaji hutangulia. Kisha maungio yanazibwa, praima ya epoksi inapigwa, halafu rangi ya ndani, ya chini ya sakafu na ya chumba cha injini. Baada ya hapo ndipo zinapitishwa nyaya, mabomba ya breki na tangi la mafuta, na injini inapanda. Sasa geuza mpangilio huo uone. Ukitaka kupiga rangi chumba cha injini wakati injini imeshakaa, una njia mbili: uishushe tena pamoja na nyaya na mabomba yake, au umwite fundi afunike kila kitu kwa magazeti na tepu, apulizie anapofika na aache asipofika. Asipofika ndipo kutu inapoanzia. Ni sawa na kuingiza makochi na kabati sebuleni, kisha ndiyo unaita fundi wa lipu.

Mtaani kwetu Kinondoni kuna kijana aliyefuata ushauri huohuo kwa Altezza yake. Aliifunga injini ya Supra, ile 2JZ, kazi ya kupendeza kweli. Hela ikakata, gari likabaki na praima ya kijivu, masika yakaja yakapita. Praima ya kawaida ina vitundu. Inapitisha maji na kuyashikilia. Alipopata hela ya rangi alikuta kutu imetambaa chini yake: kwenye boneti, kwenye milango, kwenye maungio ya karibu na betri. Injini ikashuka. Nyaya zikatoka. Bodi ikakwanguliwa upya mpaka bati. Hela aliyodhani ameiokoa aliilipa tena, na juu yake akalipa ya kushusha injini na kuipandisha. Kijana nilimwonea huruma. Aliyemshauri sikumwonea.

Tena sisi wa pwani hatuna nafasi ya kucheza. Dar es Salaam, Tanga, Unguja, Mombasa, hewa yenyewe imebeba chumvi. Mkwaruzo uliofika kwenye bati hausubiri mshahara wa mwisho wa mwezi. Mtu anayesema rangi ni urembo aje aegeshe bati tupu Masaki usiku mmoja wa kusi, asubuhi atuambie ameona nini.

Chungulia ndani ya gari la rali la timu makini. Mara nyingi utakuta sakafu na keji zimepigwa nyeupe au kijivu cheupecheupe. Wamechagua hivyo kwa sababu juu ya nyeupe tone la oili linaonekana, na ufa wa weldi unajitangaza kwa mstari mwembamba wa kutu. Vijana wetu wanapiga nyeusi kila mahali, mpaka kwenye chumba cha injini, kwa sababu eti nyeusi inaficha. Inaficha nini? Gari linalokwenda kasi linataka uvujaji uonekane ukiwa tone moja, kabla haujawa moto. Na karibu na silinda kuu ya breki rangi ya bei rahisi haifai kabisa, kwa kuwa mafuta ya breki ya DOT 4 huila rangi na kuacha bati wazi. Hapo panahitaji rangi ya kuchanganywa na hadina, ile inayokauka ikawa ngumu. Uamuzi huo unafanywa bodi ikiwa tupu. Unaona tunarudi palepale?

Walioshinda walijua zamani kwamba rangi ina kazi. Datsun 240Z iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ilikuwa nyekundu yenye boneti nyeusi isiyong'aa. Nyeusi ile kwenye magari ya rali ya enzi hizo ilikuwa na kazi: kuzuia mng'ao wa jua usimpige dereva machoni. Leo vijana wanaiga boneti nyeusi, kisha wanaipaka kliya ing'ae kama kioo. Wamechukua sura, wakaitupa sababu.

Niseme la rimu, kwa sababu hapa uhai wa watu uko hatarini. Rangi ya unga huokwa kwa joto la karibu nyuzi 200. Rimu ya aloi imepewa uimara wake kiwandani kwa joto na muda uliopimwa. Ukiitupa kwenye tanuri la kubahatisha unaudhoofisha. Halafu kuna pale nati inapokalia. Rangi nene ikibaki pale, nati inakazwa juu ya rangi. Gari likitembea, rangi inapondeka na nati inabaki imelegea. Gurudumu linachomoka barabarani, huku mwenye gari akiapa kwamba alikaza vizuri. Fundi anayejua kazi hufunika kwa tepu pale nati zinapokalia na ule uso unaokalia habu kabla ya kupulizia chochote. Mwambieni fundi yule wa redioni kwamba hiyo ndiyo rangi anayoiita urembo.

Kromu ni vilevile. Kuchovya chuma kigumu kwenye kromu kunaweza kuingiza haidrojeni ndani yake, na chuma hicho kikawa cha kukatika ghafla bila kupinda kwanza. Ndiyo maana kanuni za Shirikisho la Kimataifa la Magari (FIA) za magari ya mbio ya kiti kimoja zimekuwa zikikataza kupaka kromu mikono ya suspensheni. Pale kwetu nimeona mikono ya suspensheni inameta kama vijiko vya harusi, na watu wamejipanga kuipiga picha.

Boneti ya faiba ya kaboni nayo inadanganya watu. Wanainunua kwa bei kubwa, wanaiacha bila kliya yenye kinga ya jua ili ule msuko uonekane. Jua letu linaigeuza gundi yake ya epoksi kuwa ya njano, kisha inachujuka na kuwa kama chaki. Na ekzosi? Manifoldi ya tabo ikipakwa rangi ya kawaida, rangi inaungua na kubanduka. Ikipakwa koti la kauri lililotengenezwa kwa kazi hiyo, joto linabaki ndani ya mabomba badala ya kumwagika kwenye nyaya na hewa inayoingia injini. Huo ni umaliziaji, na injini yenyewe inanufaika nao.

Hata uzito, ambao ndio hoja kubwa ya wanaosema rangi haikimbizi gari, uko upande wangu. NASA walipaka rangi nyeupe tangi kubwa la nje la chombo cha Space Shuttle katika safari mbili za kwanza, mwaka 1981, kisha wakaacha, na kwa kuacha tu wakapunguza karibu kilo 270. Kwenye Formula 1, tangu mwaka 2022, timu kadhaa zimekwangua sehemu za rangi na kuacha kaboni wazi ili kupunguza gramu. Watu wanaotafuta kasi kuliko wote duniani huhesabu rangi kwa mizani. Rangi ya kiwandani ya gari la kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150 hivi. Anayepiga rangi mwisho, kwa haraka na kwa hela ya mabaki, hakwangui ya zamani. Anaongeza puti, anaongeza praima, anaongeza tabaka juu ya tabaka. Kisha analalamika kwamba gari ni zito! Na puti ikizidi milimita tatu, mtikisiko wa barabara unaipasua.

Hapa lazima niseme na la matundu bandia ya boneti. Tundu lililo juu ya boneti ya Impreza ya tabo lina kazi: linapeleka hewa kwenye kipozeo cha hewa kilichokaa juu ya injini. Mtu anakuja na gari dogo lisilo na tabo, anagundisha plastiki ya umbo lile juu ya boneti isiyotobolewa, halafu yeye ndiye wa kwanza kusema rangi haina maana. Ametumia hela kwenye plastiki isiyopitisha hewa! Na wale wa bluu yenye rimu za dhahabu nawaomba wajue wanachokivaa. Miaka ya 1990 magari ya Subaru ya rali yalidhaminiwa na sigara za State Express 555, na ile bluu yenye maandishi ya njano ilikuwa tangazo la tumbaku. Dereva Colin McRae alishinda Safari Rally ya mwaka 1997 kwa Impreza ya bluu kwa sababu ya gari lililojengwa sawasawa na mkono wa dereva. Chagua bluu ukiipenda, ila usidhani umenunua ushindi.

Najua watanijibu nini. Watasema gari la kweli la mbio linatambulika kwa kuchubuka, na kwamba wanaume wa Safari Rally walimaliza wakiwa matope matupu. Hoja hii ni dhaifu mpaka inachosha. Matope yanakaa juu ya rangi. Chini ya matope yale palikuwa na bodi iliyozibwa na kupakwa kabla haijaona barabara, la sivyo isingefika. Anayesifia mchubuko anasifia jeraha na kumsahau aliyepigana. Wengine watasema hawana hela ya rangi sasa. Basi huna hela ya gari la mbio sasa. Subiri. Bati lililopigwa epoksi na kufungiwa ndani litakusubiri. Lililoachwa wazi halitakusubiri.

Lakini ubaya mkubwa wa kauli hii ya "rangi haikimbizi gari" haumo kwenye magari. Umo kwenye mapafu ya watu. Kwa kuwa tumeamini rangi si kitu, tumeamini na fundi rangi si mtu. Anaitwa mwisho, analipwa mwisho, analipwa kidogo. Hadina ya rangi za kisasa ina isosayaneti, kemikali inayosababisha pumu, na kuipulizia kunahitaji barakoa inayoleta hewa safi na chumba chenye feni ya kutoa moshi. Nenda gereji za mitaani uone: fundi amefunga leso puani, yuko uani kati ya mabati mawili, watoto wanapita. Fundi injini anasimuliwa kijiweni kwa jina lake. Fundi rangi anakohoa usiku na hakuna anayemuuliza hali. Nani aliamua kwamba kazi yake ni ya mabaki? Wanaorudia kauli hii redioni wanacheka. Mimi sioni cha kuchekesha.

Kwa hiyo, kijana mwenye Impreza, kama unasoma, usimsikilize fundi yule wa redioni. Kabla ya kununua pistoni, kaa chini uamue umaliziaji wote, kipande kwa kipande, uandike. Ndani na chumba cha injini, rangi nyeupe au kijivu cheupecheupe, ngumu, isiyoogopa mafuta ya breki. Nje, kama kweli unashindana, chagua rangi moja isiyo na metaliki wala lulu, kwa sababu bampa litagongwa na mlango utakwaruzwa, na rangi ya kawaida huchanganywa upya na kulingana bila shida. Rangi ya lulu hupigwa kwa hatua tatu na kuilinganisha kipande kimoja ni vita. Rangi isiyong'aa haitaki kusuguliwa. Ukiipolishi inaota doa linalong'aa. Stika ya kuvalisha bodi inafaa kwa nembo na mapambo ya msimu, kwa kuwa huchanwa na kubadilishwa, ila isivalishwe juu ya kutu. Rimu mpelekee mtu anayepima joto la tanuri lake. Ukibadili rangi, peleka taarifa kwa mamlaka ya usajili, kwa maana rangi imeandikwa kwenye kadi ya gari na askari anaisoma.

Tenga hela ya fundi rangi mwanzoni, pamoja na ya barakoa yake, uilinde isiliwe na tabo. Siku utakayopandisha injini kwenye bodi iliyokamilika, hutaishusha kwa ajili ya kutu. Na nyinyi mlio na vipaza sauti, acheni kuwafundisha vijana kujenga gari mara mbili.